Deni la Vikombe Vitatu

Sufuria ya mama mkwe naijua kwa mng'ao:
huisugua kwa majivu hadi ukiinama unaona meno yako.
Sikujua kwamba alumini hiyo hiyo
imelala chini ya shamba lake, Butula,
katika udongo mwekundu ulionyeshewa miaka na miaka
hadi ukachacha.

Udongo huchacha, ndiyo, kama uji uliosahauliwa.
Chokaa yake imeteremka na mto Sio,
na mbolea ya gunia tuliyoimwaga bila kupima
ikaongeza ukali juu ya ukali.
Hapo alumini huamka.
Haina harufu. Haina rangi.
Inangoja ncha ya mzizi.

Nina mabakuli arobaini hapa maabara, Kakamega,
miche ya siku tano imening'inizwa juu ya maji makali,
na rula ya plastiki ya mwanangu wa darasa la nne.
Milimita kumi na mbili. Tatu. Tatu. Moja.
Mzizi ulioungua huvimba nchani
kama kidole kilichogusa jiko,
na nikiuchovya kwenye rangi
unageuka zambarau: huo ndio ushahidi,
madini yameingia, yamekaa kitako.

Mbegu iliyosifiwa redioni: zambarau.
Ile ya dukani, iliyopakwa dawa ya waridi: zambarau tupu.

Bakuli la thelathini na moja
mizizi ilitoka myeupe kama uzi wa kushonea.
Nikadhani nimekosea. Nikachovya tena.
Bwana Machio akaja na miwani yake ya kuazima,
akatazama, akasema, Andika.
Nikaandika: Taaka, Butula, mtama mwekundu,
kibuyu cha juu ya moto.

Mzizi ule hauna ngozi nene. Hauna mabavu.
Unachofanya ni kutema ndimu.
Ukiguswa na madini unafungua kilango,
unamwaga ukali ule ule wa ndimu na chungwa,
unayafunga huko huko uani
yasifike sebuleni.

Na jeni lenyewe linakaa karibu na mwisho wa kromosomu ya tatu,
pembeni, kama nyumba ya mjane.
Mbele yake kuna herufi zinazojirudia,
hodi, hodi, hodi,
na kadiri hodi zinavyozidi
ndivyo mlango unavyofunguka.
Mtama mwingine unalo jeni hilo hilo,
ila aliyebisha
alibisha mara moja akaenda zake.

Sasa niseme linaloniwasha.
Mwaka nilioolewa nilifika na diploma na pakiti ya mbegu mpya.
Nikamwambia Taaka: Huu wako ni wa kuku.
Hakubishana. Alinipa ungo, nikawamwagia kuku.
Kibuyu kimoja alikificha.

Sijui alijua nini.
Hakuna aliyewahi kumpimia asidi.
Aliona tu, msimu hadi msimu, kule juu kwenye kijiwanja kibaya,
ni mashuke gani yalisimama wakati mengine yamedumaa,
akayavuna hayo kwanza, kwa mkono wake,
akayatundika moshini.
Mwaka jana nilirudi kwake na bahasha za utafiti,
macho yangu chini.

Juzi nikampelekea habari.
Nikachora mzizi kwenye vumbi, nikachora mlango.
Nikamweleza kwamba mtama wake ni mrefu mno, unachelewa,
itabidi tuuoze kwa ule mfupi unaowahi mvua,
kisha watoto wao, kisha wajukuu,
na kila kizazi tukichovye kwenye rangi:
misimu minane, labda tisa, serikali ikitoa pesa.

Alisikiliza hadi mwisho.
Akaepua sufuria,
akakwangua masizi ya chini kwa kipande cha kigae.

"Ulichukua vikombe vitatu," akasema.
"Umerudisha kimoja."